Bi Shekha Anawakumbusha Wazazi

Muyeye nzima hakuna anayejua kuandika tangazo la shule likasomwa hadi nukta ya mwisho kama mimi, Tevin, karani. Nimewahi kumfanya baba mmoja asimamishe tuktuk katikati ya njia, abiria ndani, amalize kusoma habari za chawa. Na jambo moja niliweke wazi mapema: situmi tangazo nisilolisoma mara tatu. Mara ya kwanza naangalia tarehe, ya pili majina, ya tatu nacheka mwenyewe.

Tangazo kubwa la mwaka ni la kipupwe. Msicheke. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Ndirangu, kwao ni Nyandarua, ambako asubuhi za Julai majani hupambazukiwa na barafu. Yeye mwezi huo huvaa shati la mikono mifupi na kutushangaa. "Hii nanyi mnaita baridi?" Lakini mama wa Muyeye akisikia upepo wa kusi umepita dirishani mara moja tu, mtoto analetwa shuleni na sweta mbili, kofia ya sufu, na mafuta ya kifua yamepakwa hadi kwenye nyusi. Kwa hiyo kila mwaka tunawakumbusha: sweta ni moja, ya buluu. Mwenye kikohozi abaki nyumbani. Viatu vya kuingilia darasani visiwe vile vya kurukia madimbwi. Na habari za uji wa saa nne.

Habari za uji hazikuwa zangu. Zilikuwa za Bi Shekha, mpishi. Miaka minne mfululizo alikuja kusimama mlangoni pa afisi, mwiko mkononi, akanisomea la kuandika.

"Andika: Bi Shekha anawakumbusha wazazi."

"Si tuandike 'shule inawakumbusha'?"

"Shule ndiyo inayokoroga? Andika nilivyosema, mtani, wala usinitilie Kiswahili chako cha Machakos."

"Bi Shekha, mimi nimezaliwa hapa hapa Malindi."

"Kuku akitotolewa pwani huwa samaki?"

Hapo nilishindwa, na si hapo tu. Katika shule ile nilikuwa nashindwa na mtu mmoja pekee, naye ndiye huyo.

Bi Shekha alifariki mwezi wa nne. Jumatatu alipika, Jumatano presha ilimpanda, Alhamisi akazikwa Mambrui, kwao. Nimeiandika sentensi hiyo kama ninavyoandika tarehe za kufunga shule, na hivyo ndivyo ilivyonipita. Tangazo la msiba nililiandika mimi. Nikalituma, nikaendelea kugonga mihuri ripoti za wanafunzi. Walimu waliniuliza, "Tevin, vipi?" Nikasema poa. Na kweli ilikuwa poa, kama mdomo baada ya kung'olewa jino: unaugusa kwa kidole na huamini kuwa ni wako. Mizaha haikukatika. Ilitoka yenyewe, watu wakacheka, nami nikiwa mbali, kama redio iliyoachwa ikilia katika nyumba isiyo na mtu.

Ijumaa ya kwanza ya Julai, Mwalimu Ndirangu alitia kichwa mlangoni. "Tangazo la baridi, Tevin. Lifike kwa wazazi kabla ya saa saba."

Sasa nitawaambia siri ya kazi. Tangazo la kipupwe haliandikwi. Linafukuliwa. Unafungua la mwaka jana kwenye simu, unabadilisha tarehe, unalituma kwenye kundi la wazazi, unakwenda kula. Nilibadilisha tarehe zote, hata ile ya mkutano wa gredi ya sita ambayo watu huisahau. Nikatuma.

Kundi letu halinyamazi. Ukitangaza kwamba kesho ni Jumamosi, watatu watauliza kama ni Jumamosi hii. Siku ile lilinyamaza. Saa saba na dakika ishirini mama Lynn alituma kikaragosi kinacholia, kisha akakifuta. Hapo ndipo nilipolisoma tangazo langu, na ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza.

"Bi Shekha anawakumbusha wazazi: uji ni saa nne kamili. Kila mtoto aje na kikombe chenye jina lake, si jina la kakake. Asiye na kikombe atakunywa kwa kiganja, msije mkanilaumu. Jumatatu nawangoja."

Nililifuta. Nikatuma jingine, fupi, lisilo na mtu ndani yake. Halafu nikala viazi vyangu. Nilingoja nisikie kitu, aibu au chochote. Viazi vilikuwa na chumvi nyingi, hilo nililisikia.

Lakini mtu mmoja alikuwa amelisoma kabla halijafutwa. Rufaida, binti wa Bi Shekha, yuko gredi ya tatu, na kusoma ndiyo kazi yake. Husoma hata maandishi ya mifuko ya saruji. Alilisoma kwenye simu ya babake. Jumatatu aliamka kabla ya adhana, akavaa sare peke yake. Saa nne alikuwa wa kwanza kwenye foleni jikoni, kikombe mkononi. Nyaboke, mpishi mpya, alimmiminia. Mtoto akautazama uji, akamtazama Nyaboke, akachungulia nyuma yake mle jikoni. Kisha akaurudisha uji sufuriani polepole, usimwagike, akatoka langoni, akaenda zake kwao. Haya nilielezwa na Nyaboke mwenyewe, aliyekuwa akilia. Nilimpa karatasi ya kujifutia.

Siku tatu Rufaida hakuja. Alhamisi Badi, babake, alimpigia mwalimu mkuu: anataka barua ya uhamisho. Mtoto anakwenda kuishi na nyanyake Mambrui, asome huko.

Mwalimu Ndirangu aliniita, akafunga mlango.

"Yule mama alitupikia miaka kumi na mmoja. Mtoto wake haondoki shule hii kwa sababu ya karani mvivu. Nenda kwa Badi umwombe radhi. Na huo mdomo wako uuache hapa mezani."

"Sasa nitaombea radhi nini, Mwalimu?"

"Tevin."

"Naenda, Mwalimu."

Badi ni fundi wa cherehani. Nilimkuta barazani kwake baada ya sala ya alasiri, kichwa cha cherehani kimefunuliwa mbele yake, mafuta hadi viwikoni. Kando yake alikaa Abdulkadir, kakake Bi Shekha, anayeendesha pikapu ya kubeba mizigo ya soko. Alikuwa akinywa kahawa.

"Shikamoo, Baba Rufaida. Shikamoo, Bwana Abdulkadir."

"Marahaba," alijibu Badi bila kuinua macho. "Kaa. Angalia mafuta."

Abdulkadir aliinua kikombe kidogo, basi. Ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Nimekuja kwa ajili ya lile tangazo."

"Lipi? La kwanza au la pili?"

Njiani nilikuwa nimetunga maneno mazuri, nikayatoa. Kwamba jina lile lilikuwa kumbukumbu. Kwamba sisi pale shuleni tulitaka Bi Shekha aendelee kuwa nasi hata msimu huu.

"Kumbukumbu haisemi Jumatatu nawangoja," akasema Badi.

Alifungua skrubu, akaiweka kwenye kisosi, akafungua nyingine.

"Sikulisoma," nikasema. "Nilichukua la mwaka jana, nikabadilisha tarehe, nikatuma."

"Hukulisoma."

"Hata mara moja."

"Sasa hapo umesema." Alijifuta mikono kwa kitambaa, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Mwanangu anajua mamake amekufa. Nimemwambia mimi, wala sikumficha kwa habari za safari. Alimwona akitolewa hapa mlangoni. Lakini nyinyi huko darasani mmemfundisha kwamba karatasi ya shule haisemi uongo. Unajua aliniambia nini? 'Baba, labda Mwalimu mkuu amezungumza na watu wa Mambrui.'"

Nilijua kwamba hapa ndipo mtu hulia. Nililitafuta chozi kama unavyotafuta ufunguo mfukoni, huku na huku, na mkono ukatoka mtupu. Nilitikisa kichwa tu. Nadhani nilitikisa vizuri, maana Badi aliilegeza sauti.

"Alikupenda, unajua? Kila jioni mtani wangu kasema hivi, mtani wangu nimemjibu vile. Mimi nimekujua kwa mdomo wake kabla sijakuona sura." Aliokota bisibisi, akaigeuzageuza. "Nikuulize kitu kimoja, na usinifiche. Siku ile tulipomzika, watu walikuwa wengi, nami sikuwa namwona mtu. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema.

Lilitoka laini, wala halikukwama popote. Na likishatoka moja, lile la pili huwa limeshavaa viatu.

"Nilisimama nyuma nyuma, unajua mimi si mtu wa dini yenu, nisije nikawaharibia. Lakini nilipowaona wenzangu wanatupa mchanga, nami nikasogea. Mara tatu, kwa mkono huu."

Niliunyosha na mkono wenyewe, auone.

Badi aliutazama muda mrefu. Kisha akaiweka bisibisi chini.

"Basi. Mtu uliyemtilia mchanga mke wangu, mimi na wewe hatuna neno. Tangazo ni karatasi." Akageukia mlango. "Rufaida! Hebu njoo, mama."

Rufaida alitoka ndani, kitabu kifuani, kidole kikiwa bado kati ya kurasa ili asipoteze mahali. Alisimama karibu na babake.

"Huyu ndiye Tevin wa mamako, wa shuleni. Amekuja kusema amekosea, na mimi nimemsamehe. Mambrui huendi. Jumatatu unarudi darasani kwako. Tevin atakupitia hapa asubuhi akupeleke, na saa nne atakaa na wewe mpaka umalize uji. Umesikia? Mpe mkono."

Mtoto alinipima kutoka juu hadi chini. Alikuwa na macho ya mamake, yale ya mtu anayejua unachokusudia kusema na ameshakichoka.

"Utakuja kweli?"

"Nitakuja."

Akanipa mkono. Nikaushika. Nikaona kazi imekwisha, nikaanza hata kutunga nitakavyomsimulia Mwalimu Ndirangu.

"Mtoto, ngoja kwanza," alisema Abdulkadir.

Alikuwa hajatamka neno tangu niketi. Aliweka kikombe cha kahawa sakafuni, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha aliyelala.

"Siku ya maziko mimi nilipitia shuleni na pikapu," akaniambia. "Nilipiga honi. Ulitoka, ukaniambia, 'Bwana Abdulkadir, nipe dakika mbili niazime kofia.' Tukangoja. Kiti cha mbele tumekuwekea wewe, wazee wamekaa nyuma, juani. Robo saa ikapita. Nikashuka kukutafuta."

"Bwana Abdulkadir," nilianza.

"Nilichungulia dirisha la jikoni. Ulikuwa umejifungia, umekaa kwenye kigoda cha dadangu, umepakata ile sufuria kubwa. Tupu. Hulii, husemi. Unaitazama ndani tu." Alikisogeza kikombe kando. "Sikukuita. Nilisema huyu naye ana lake, nikaondoa gari. Wala sijamwambia mtu, na hata leo ningenyamaza."

Badi alikuwa ameinua uso.

"Lakini mchanga, Tevin," akasema Abdulkadir, "mchanga hukutupa."

Nilifungua kinywa. Mkono wa Rufaida ulikuwa bado ndani ya wangu, mdogo, una joto, na ulikuwa umeanza kujivuta.