Mkaratusi Usio na Mpangaji

Ko, ko, ko, ikasikika juu ya majani. Télesphore alishusha shoka, akatazama. Kigogota alikuwa anamchungulia kutoka tunduni kama mwenye nyumba aliyeamshwa na mgeni.

"Huo uko na mutu," alisema Mama Mukamugema, aliyemfuata na kigoda chake.

Chukudu la Télesphore, gari la mbao alilosukumia viazi mpaka Goma, lilikuwa limekatika katikati. Bila mbao hakuna kazi, na bila kazi njaa ingehamia nyumbani kwake, mtaa wa Mapendo. Mikaratusi minene ilibaki Kibati kwa Mama huyu tu, maana msitu wake haukatwi. Alimwekea sharti moja: atafute mti usio na mpangaji, auchukue bure.

Wa pili ulikuwa na kinyonga.

"Ni kamoja tu, mama, tena kembamba."

"Na wewe uko mumoja, tena mwembamba. Nikufukuze?"

Wa tatu ulikuwa na mwewe mwenye matusi. Wa nne ulikuwa na popo, nao walimjibu kichwani bila kutumia maneno.

Mama alipoenda kupika, Télesphore akapata mti mtupu kando ya njia. Ilibidi apande kufunga kamba, usije ukaangukia jiko. Suruali yake ya misa, ndiyo pekee aliyokuwa nayo, akaitundika chini isichanike. Hajafika kileleni, tumbili akaichukua, akaivaa shingoni, akarudi nayo mti wa jirani. Papo hapo kwaya ya parokia ikakata kona, Rosette mbele, yule ambaye Télesphore alikuwa amemtungia maneno ya posa. Wakaketi chini ya mti uleule aliopanda kufanya mazoezi.

Jua likainama. Wao wakarudia ubeti wa pili.

Mama akaja kuwasalimia, akainua macho. "Télesphore, uko huko toka saa ngapi?"

"Toka wimbo wa kwanza, mama."

"Basi huo nao uko na mpangaji."

"Mimi napita tu."

"Popo nao walisema hivyo."

Rosette alicheka mpaka akashika mti.

"Nyuma ya jiko kuna mmoja ulioangushwa na upepo," Mama akaendelea. "Wapangaji wake walishahama. Ni wako, ukiahidi kuuchunga msitu. Lakini si kwangu. Muahidi yule mwenye suruali."

Télesphore akamgeukia tumbili.

"Muzee," alisema, kwaya nzima ikisikiliza, "shoka langu halitagusa msitu wenu. Na mutu akija na lake, atanikuta mimi hapa. Nikiwa nimevaa."