Mstari Uliopinda

Gurdial alipaka magari rangi mjini Nakuru miaka ishirini, na miaka hiyo yote hakuchoka kukosoa kazi za wenzake. Mstari wa fulani umepinda kama mkia wa mbwa, angesema. Wake je? Rula ingeuonea wivu. Basi mwaka ule watu walipotua mwezini, Mwalimu Truphosa alimletea yeye, wala si mwingine, pua ya roketi ya mfano: kipande cha mti kilichochongwa, urefu wa kiganja. Wasichana wa darasa lake wangeipeleka kwenye maonyesho ya sayansi Jumamosi. Walitaka iwe nyeupe, na mkanda mwekundu kiunoni.

Kazi ndogo, lakini ina ujeuri wake. Tepu ya karatasi haipendi kuzunguka kitu kilichochongoka. Hupanda upande mmoja. Gurdial aliikata nyembamba kwa wembe, akaibandika juu ya nyeupe iliyokauka, akafunika kwingine kwa gazeti, akapuliza nyekundu. Obura, mwenzake wa tangu zamani, siku hiyo alikuwa ameenda mtaa wa Section 58 kuchukua gari la mteja.

Ijumaa asubuhi mwalimu alipofika, Gurdial akabandua tepu mbele yake kwa mbwembwe. Mwalimu akakunja uso. Gurdial hakuelewa mpaka aliposogeza ile pua karibu kabisa na uso. Lo! Mkanda ulikuwa umekwenda mrama. Aibu ikampanda, naye badala ya kuimeza akamtwisha mwenzake.

"Obura, nimekukataza mara ngapi kushika tepu yangu?"

Mafundi wote wakageuka. Obura akamtazama kidogo, kisha akamwambia mwalimu, "Samahani, ni mimi."

Mwalimu akasema atarudi jioni, akaondoka bila kuaga vizuri. Gurdial akamfuata Obura nyuma ya banda, akamwuliza kwa nini amekubali kosa ambalo si lake. Obura hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Fundi, macho yako yameharibika tangu mwaka jana. Ukienda chakula, mimi ndiyo nanyoosha tepu. Hii sikuwahi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Gurdial alijua macho yanamsumbua, ila siku zote alisingizia giza la banda. Akakumbuka kila gari alilojisifia tangu hapo, akatamani ardhi ipasuke. Kumbe alikuwa akitamba kwa mikono ya mtu, na shukrani yake ndiyo ile ya asubuhi. Alitaka kuomba msamaha. Lakini Obura alikwisha kuchukua msasa na kuanza kazi upya.

Rangi ya magari hukauka upesi. Jioni mwalimu akaipokea ile pua, akaizungusha. Mkanda ulikuwa sawasawa pande zote. Akatabasamu.

"Nilijua wewe huwezi kuharibu, Bwana Gurdial."

Obura aliinamia kopo lake la rangi, kimya. Angeweza kunyamaza hivyo mwaka mwingine mzima.

"Hii ni ya Obura, mwalimu," Gurdial akasema, kwa sauti ya kufika hadi kwa mafundi wa mwisho. "Ile iliyopinda ndiyo yangu."