Prosesa ya Pili

Ofisi ya utabiri wa mafuriko ilikuwa vyumba viwili vya kupanga kata ya Lumemo, pale Ifakara, na Aurelia ndiye pekee aliyejua kuiendesha seva yake. Aliilisha takwimu za mvua ya milimani, nayo ikapiga hesabu na kuonyesha maji yatafika wapi bondeni, na saa ngapi. Mwanzoni mwa masika radi ilipiga nguzo ya umeme jirani. Seva ilizimika, ikawashwa, ikaendelea na kazi. Ila ilikuwa nzito. Utabiri uliozoea kutoka kabla ya chakula cha mchana sasa ulitoka jioni.

Alimweleza mkuu wake, Venance.

"Si inawaka?"

"Inawaka, lakini..."

"Basi tushukuru Mungu."

Asubuhi moja, mvua ikiwa imekesha milimani, baba yake mdogo, Remigius, alimpigia simu kutoka Namawala.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako mdogo yuko shambani, ng'ambo ya mto, anawinga ndege. Mguu wangu unaujua, siwezi kwenda. Nimtume Ignas na mtumbwi akamchukue?"

Aurelia alisita. Mpunga ulikuwa unatia maziwa; shamba likiachwa bila mtu, ndege wanalimaliza. Msimu uliopita aliwahi kumtoa mama yake mdogo, Odilia, kwa ajili ya maji ambayo hayakufika, na mama wa watu aliporudi alikuta makapi. Hesabu ya leo alikuwa ameianzisha alfajiri, akitumaini itatoka mchana.

"Nipe mpaka mchana, baba. Safari hii nataka nikuambie kwa uhakika."

"Haya. Nasubiri neno lako."

Mchana ulifika, hesabu haijafika hata nusu. Ndipo Aurelia alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu radi: aliuuliza mfumo endeshi wa seva una prosesa ngapi, yaani bongo ngapi za kupigia hesabu. Ukajibu, moja. Akauliza tena. Moja. Seva ile ilinunuliwa ikiwa na mbili.

Fundi Valeriani alifika na pikipiki, ameloa chapachapa. Alisoma kioo kwa muda mfupi tu.

"Ukiwasha mashine, prosesa moja ndiyo inaamka kwanza," alisema. "Hiyo ndiyo mfumo unaitumia kuwaamsha wenzake. Anayeitwa asipoitika, mfumo unasubiri kidogo, unamwacha, unaendelea na waliopo. Hii ya pili haijaitika tangu siku ile ya radi."

"Na mfumo ukanyamaza?"

"Haukunyamaza. Kila ukiwasha unaandika mstari, huu hapa. Nani anasoma hayo maandishi?"

Wa kuyasoma alikuwa Aurelia mwenyewe.

"Huenda imelegea tu," Valeriani aliendelea. "Nikiikaza vizuri, ikaitika, utamaliza mapema. Lakini lazima tuzime, na hesabu yako itapotea yote."

"Zima."

Valeriani alizima, akafungua, akaipangusa prosesa ya pili, akaipachika upya. Wakawasha. Aurelia akauuliza mfumo; ukajibu, moja. Valeriani alizima tena, akaitoa prosesa, akaigeuza mkononi. Upande wa chini ulikuwa na doa jeusi.

"Imeungua, dada. Hakuna kitu hapa."

Hesabu ikaanza mwanzo kabisa. Nje mvua ilikuwa haionyeshi dalili ya kukatika. Aurelia akachukua simu.

"Baba, mtoe mama."

"Mashine imesema?"

"Haijasema. Mtoe tu, baba, sasa hivi."

"Ignas alikaa hapa na kasia lake mpaka mchana ukapita," Remigius alisema. "Nikamwambia, mwanangu hajapiga, maana yake ni salama. Ameondoka. Ngoja nimtafute."

Alimtafuta akichechemea nyumba hadi nyumba. Ignas alipofika mtoni na mtumbwi wake, maji yalikuwa yamekwisha kulivuka shamba, na dungu la miti alilokuwa akikalia Odilia kuwinga ndege halikuwapo.

Usiku wa manane seva ilimaliza kazi. Ramani ilitokea kwenye kioo, buluu imetanda juu ya mashamba ya ng'ambo ya Namawala, saa ya maji kufika imeandikwa pembeni. Ilikuwa sahihi. Asubuhi Venance aliitazama, akamwambia Aurelia kazi nzuri, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amempa habari za Odilia.

Odilia alipatikana siku ya pili yake, kwenye matete, mbali sana na shamba.

Baada ya maziko, katekista akiwa ameshaondoka, Aurelia alipiga magoti mbele ya baba yake mdogo. Remigius hakufoka. Alikuwa amenyoosha mguu wake mbaya juu ya mkeka, macho mekundu.

"Mvua si ulikuwa unaiona, mwanangu?" alimuuliza taratibu. "Wewe mwenyewe, kwa macho yako, ulikuwa unaonaje?"

"Niliona itajaa, baba."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Remigius akageuka kuwapokea waombolezaji waliokuwa wanaingia.