Maua Juu ya Mgomba

Mume wangu Mwikwabe si mtu mbaya, ila kwake ujanja hutangulia na busara hufuata nyuma ikichechemea. Hili nalisema mapema ili msije mkamlaumu peke yake. Jembe lilikuwa lake, lakini maua yalikuwa yangu.

Mwaka ule Genkuru nzima ilikuwa inategesha. Kwa mgeni asiyejua: ukisikia mgodi unataka kuongeza eneo, unasimamisha kibanda haraka na kuchomeka miti katikati ya mihogo, ili wathamini wakija wakute mali ya kulipia fidia. Watu walijenga nyumba ambazo hata mbuzi alikataa kulala ndani. Mwikwabe akasikia kilabuni kwamba wathamini wanaandika mpaka makaburi. Sisi uwanjani kwetu hatukuwa na kaburi hata moja, basi akaamua kutegesha la kwake.

"La nani?" nikamuuliza.

"La Godwin."

Godwin ndiye mtoto wetu pekee. Alikuwa ameondoka na wachimbaji wa Kisukuma kwenda Chunya kutafuta dhahabu, na ulikuwa mwaka wa tatu simu yake haipatikani. Nilimwambia Mwikwabe maneno ambayo siyarudii hapa. Akanijibu polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Mama Godwin, kijana si yuko hai? Basi kaburi halimfanyi kitu. Ubaya ungekuwa kama amekufa."

Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini kwetu shimo la kaburi likishachimbwa halilali tupu. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Mwikwabe, ambaye haogopi kuwadanganya wathamini, aliogopa kuidanganya ardhi. Akakata mgomba wa kimo cha Godwin, akauvalisha shati la kijani ambalo mwanangu alikuwa ameliacha msumarini, akaufukia na kusimika msalaba wenye jina. Kaburi la uongo lingebaki kuwa uongo. Yeye akalikamilisha.

Likabaki tatizo la udongo mpya, maana alitaka lionekane la siku nyingi. Hapo ndipo alipokuja bustanini kwangu.

Maua yale nilipewa na mdogo wangu Teddy, anayetunza bustani ya hoteli ya watalii kule Machochwe. Ni mafupi, hayapiti goti, ya njano yenye kitovu cheusi katikati. Teddy alinielekeza vizuri: yapande penye jua la kutwa, maji yasituame, na samadi usiyape, maana yakishiba yanarefuka na kulala chini kama walevi. Hayafi msimu ukiisha. Shina linabaki ardhini, mvua zikija linachipua tena, na kila mwaka linatanuka. Mwikwabe akayang'oa yote na kuyahamishia juu ya lile tuta. Nilimtazama na sikumzuia. Hilo ndilo kosa langu.

Wathamini hawakufika kwetu. Mpaka wa mgodi ulipita upande wa pili wa kilima, nyumba za kutegesha zikaanguka moja moja, na sisi tukabaki na kaburi. Nilimwuliza Mwikwabe mbona halifukui. Akasema kiangazi kikiisha. Kiangazi kikaisha, naye akawa anazunguka nyuma ya nyumba ili asilipite.

Maua yalistawi kupita kiasi. Mihogo ilinyauka, yenyewe yalisimama. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, yote yalikuwa yameinamia mlango wa nyumba yetu, hata siku zisizo na upepo. Mwaka wa pili tuta likatitia katikati, kama yanavyotitia makaburi sanduku likioza, na pale hapakuwa na sanduku. Niliogopa, lakini kilichoniogopesha zaidi kilikuwa kinywa changu mwenyewe. Siku moja kanisani nilimtaja mwanangu nikasema "marehemu Godwin", na hakuna aliyeshtuka.

Mwaka wa tatu mashina yalibanana, katikati yakaanza kukauka. Maua ya namna hii yakifika hapo huna budi kuyagawa. Nikachukua jembe, nikapasua mashina na kuyapanda upya kwa nafasi. Matatu yakazidi. Moja nikampa jirani yangu Agustina. La pili nikampa shemeji yangu Boke wa Kerende. La tatu nikampelekea Teddy, kwa kuwa ya kwake yalikuwa yamefukuliwa na ngiri. Nilijisifu kwamba mimi ni mtu wa kugawa.

Mwezi mmoja baadaye simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Shikamoo mama. Ni Godwin."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Akasema yuko Mwanza, anarudi nyumbani kesho, kwa sababu anaumwa na hospitali hawaoni kitu. Miaka mitatu kifua kinambana, akilala chali anahisi amewekewa mzigo. "Halafu mwezi uliopita, mama, siku moja tu, mguu wa kulia ukafa ganzi. Jioni ile ile bega. Na mkono wa kushoto."

Sikuhitaji mganga wa kunitafsiria. Nilikwenda kwa Agustina nikamwambia nirudishie maua yangu. Akacheka kwamba sisi Wakurya tunarudishiana ng'ombe, siyo maua. Aliponitazama usoni akaacha kucheka na kuleta jembe. Kerende nilikwenda kwa bodaboda ya Nelson, Boke akanipa lake bila kuuliza. Teddy hakupatikana. Nilipiga mpaka chaji ikaisha.

Asubuhi Mwikwabe alifukua kaburi peke yake. Mgomba uliokaa ardhini miaka mitatu unapaswa kuwa udongo. Huu ulitoka mbichi, na pale alipoukata siku ile utomvu ulikuwa bado unatiririka, ukampaka mikono. Shati lilikuwa na unyevu makwapani tu. Mume wangu akalia kwa sauti, mzee mzima. Kisha akashika panga ili aukatekate awape ng'ombe, nikamnyang'anya.

"Unajua unakata nini?" nikamwambia.

Tukaulaza kwenye mkeka, kivulini, na mashina yote ya maua tukayaweka kando yake ndani ya beseni la maji.

Godwin alifika saa sita, amebebwa na Nelson. Nelson aliniambia pembeni kwamba walipoanza safari Tarime mjini kijana alikuwa hawezi kupanda pikipiki bila kushikiliwa, lakini walipofika Nyamongo akaukunja mguu mwenyewe. Mwanangu alikuwa amekonda, ila anatembea, anainua bega, anapumua. Nilimkumbatia, na sikuona aibu kulia mbele za watu. Baba yake akasema, "Mura, kijana wangu, umerudi."

Godwin akaliona beseni. Akainama na kuyatazama yale maua kwa muda mrefu.

"Kumbe juu ni ya njano," akasema.



Kesho yake asubuhi tuliketi uani tukinywa chai. Furaha yangu ilikuwa nzima isipokuwa kwa jambo moja: mkono wa kushoto. Aliuweka mapajani kama kitu alichoazima. Vidole bado vilikuwa vinacheza, akasema, ila havina nguvu, na asubuhi vinamchoma. Nikamwambia tunasubiri mdogo wangu apatikane, kisha nitakwenda Machochwe mwenyewe na jembe langu.

Alipokuwa akinisikiliza, kidole chake cha mwisho kilijikunja. Akakitazama. Kikafuata cha pili, kisha cha tatu, taratibu, kila kimoja kwa zamu yake. Alijaribu kuvikunjua kwa mkono wa kulia, havikukubali. Kikajikunja cha nne, kikabaki kidole gumba peke yake. Simu yangu ikaita.

"Dada, shikamoo," akasema Teddy. "Pole, jana huku mtandao ulikata, naona umenitafuta sana. Nipo bustanini, nakata maua ya kupamba meza za wageni. Lile shina lako limeshika vizuri kwelikweli. Limetoa matano tu, lakini makubwa. Nimeshakata manne, subiri nimalizie hili moja."

"Teddy," nikasema. "Weka mkasi chini."

"Unasemaje, dada? Unakatikakatika."