Ziwa la Zambarau la Bi Muhsina

Rangi yenyewe ilikuwa ya kutia ukindu wa kusukia mkeka, jamani, si ya kutia ziwa zima. Bi Muhsina alitaka kumsukia mjukuu wake mkeka wa harusi, mkeka wa Kiunguja hasa, na mkwewe Balqees kamkataza kuchemsha rangi katika ile nyumba mpya ya Azaiba, hapa Maskati, yenye marumaru nyeupe mpaka chooni. Haya! Bibi wa watu akakodi teksi, yeye na sufuria lake na jiko la gesi, hadi kwenye ziwa dogo la mlimani nyuma ya Wadi Kabir. Akachemsha zambarau yake, akatia ukindu, kisha akamimina vyote ziwani na kuukandamiza ukindu kwa mawe, ulowe siku tatu. Kumbe rangi za siku hizi hazina adabu.

Aliporudi kuutoa alikuta magari yamejaa mpaka barabarani. Ziwa zima zambarau! Watu wanapiga picha, mmoja anajipaka usoni eti yaondoa chunusi. Na mbele ya kamera za televisheni kasimama nani? Hamood, mwanawe wa kumzaa, ofisa wa utalii aliyepandishwa cheo juzi tu.

"Ni madini," Hamood alikuwa akisema, kifua mbele. "Tumeshafanya utafiti. Yamo humu tangu enzi na enzi."

Ya Rabi, mwanangu anaadhirika! Ukindu ule ukionekana, kazi ya Hamood imekwisha. Bi Muhsina akapandisha buibui, akaingia majini, akapapasa chini ya mawe.

Ukindu ukamponyoka. Ukaelea taratibu, kicha kizima, mpaka miguuni pa Sheikh Ghaith, mkubwa wa Hamood kazini.

"Nini hii?" Sheikh Ghaith akauliza.

Hamood akautazama ukindu. Akamtazama mama yake, mikono zambarau mpaka viwikoni. Huyo kalelewa juu ya mikeka, hakuhitaji kuelezwa.

"Majani ya asili, Sheikh. Huota humu tu."

Sheikh Ghaith akafurahi, akataka apigwe picha nayo. Hamood akamvuta mama yake pembeni.

"Mama, umenimaliza."

"Nnajua, baba. Nisamehe."

"Alkhamisi anakuja mkubwa wa wakubwa wote," Hamood akanong'ona. "Nami nishasema kwenye televisheni kuwa ziwa hubadilika kila wiki. Rangi ya kijani unayo?"