Nakala Tatu za Mzee Habineza

Mimi nimechoka na watu wanaokimbia vita. Siwalaumu kwa kukimbia; nimekulia Bukavu na mimi mwenyewe nimekimbia mara ambazo sitaki kuzikumbuka. Ila mtu akisikia bunduki, hata umweleze mwaka mzima, atafanya lile lile alilolizoea.

Hapa Kamembe, upande wa Rwanda, kazi yangu ni kutunza picha za wanaotengeneza filamu. Wananiletea kaseti ndogo za kamera, zile za dijitali, nami ninazinakili kwenye kaseti nyingine na kwenye diski ngumu ya kompyuta. Kisha ninawaambia neno moja tu: msiziweke pamoja! Nyumba ikiungua, iungue na moja. Mwizi akija, aibe moja. Hilo nalo ni gumu? Wanaitikia, “Ndiyo, Maman Véro,” halafu wanakwenda kuzipanga zote kwenye kabati moja na masahani ya harusi.

Ladislas alikuwa afadhali. Ni kijana anayetengeneza filamu zake mwenyewe, hana bosi wala shirika, na alikuwa amemrekodi baba yake, Mzee Habineza. Kaseti ile haikuwa mchezo. Mwaka wa tisini na sita walikimbia kutoka Luvungi, ng’ambo ya mto, kuja huku. Mama yake Ladislas, Mukarugwiza, alivuka kwanza naye. Mzee alibaki nyuma na binti yao mdogo, Isimbi, aliyekuwa na homa kali, na alipofika huku alikuwa peke yake. Tangu hapo mkewe akimuuliza mtoto amelala wapi, mzee anatoka nje. Miaka yote hiyo, anatoka nje! Mwishowe alimwambia Ladislas awashe kamera, aiache mezani, atoke na kufunga mlango. Mle ndani akasema yote. Kisha akaagiza mkewe aone kwanza, mwana baadaye. Haukupita muda mrefu mzee akafariki, na Maman Mukarugwiza akasema ataitazama siku ya kumaliza matanga, si kabla.

Basi ile kaseti niliishika kama yai. Ya asili niliiweka kwenye kopo, studio kwangu. Nakala moja ilikaa chumbani kwa Ladislas, kule Gihundwe. Diski nikampa mchungaji Protais kule Mururu. Mahali patatu, nikawa na amani.

Ndipo ikaja Juni ya elfu mbili na nne, Bukavu ikaanza kulia risasi. Huku tulizisikia kana kwamba zinapigwa uani. Nilikwenda darajani, pale mpakani, kumsubiri dada yangu avuke, nikamwachia mume wangu, Gad, studio. Niliporudi na dada yangu, kopo halipo.

“Gad, kopo iko wapi?”

“Maman Mukarugwiza alikuya. Anasema anakimbia, anaomba sauti ya bwana yake. Ningemukatalia na nini?”

“Na kinywa, Gad! Ungemukatalia na kinywa!”

Nikajipa moyo, bado zipo mbili. Nikampigia simu Ladislas. Kumbe mama yake alipita pia Gihundwe, akafunguliwa chumba. Nikampigia mchungaji. “Alipita hapa na pikipiki,” akasema, “nikamuombea safari njema.” Safari njema! Mama wa watu alizunguka milima yote hiyo, risasi zikilia, ili kuivuruga kazi yangu, na kila mlango aliobisha alifunguliwa kwa heshima.

Bukavu ilipotulia Maman Mukarugwiza alirudi kutoka kwa mdogo wake, kule Giheke. Aliingia studio na mfuko kifuani, uso umechangamka.

“Nilibeba byote, Véro. Hata moya sikuacha.”

Nilifungua mfuko, harufu ya moshi ikanipiga. Kaseti zilikuwa nyeusi, plastiki imejikunja, na masizi yalikuwa yameingia kila tundu la diski.

“Maman, hii mizigo uliweka wapi?”

“Juu ya moto, na mbegu. Ningeiweka wapi tena?”

Jamani. Huko mashambani mbegu za msimu ujao huning’inizwa juu ya meko, ili moshi uwafukuze wadudu. Hata nyumba iwe na njaa namna gani, mbegu ile haiguswi. Kitu cha thamani kinakaa hapo, na yeye aliiweka sauti ya mume wake hapo, akapika chini yake asubuhi na jioni mpaka vita vikaisha.

Nilifoka. Nilifoka mpaka muuza sabuni wa jirani akachungulia. “Mahali patatu, Maman! Nilisema patatu! Sababu gani unakusanya kitu yote pamoja?”

Naye akasimama, mfupi vile, akanijibu kwa sauti kubwa kuliko yangu. “Mu tisini na sita tulisema tugawanyike, ndio tutapona! Mimi na mutoto moya, Habineza na mwingine. Unaona vile tulipona? Sitagawanya tena kitu yangu, Véro. Hata unipige.”

Nikachukua bisibisi, nikakaa kazini.

Nilihamisha utepe kwenye ganda la kaseti mpya, ukakatika. Nikaunganisha, ukaganda. Nilipofanikiwa kuuzungusha, televisheni ilitoa rangi ya buluu tu. Kaseti ya pili ndiyo hata haikujaribika. Diski Ladislas aliipeleka kwa mafundi Kigali, ikarudi ilivyokwenda. Na wakati wote huo Maman Mukarugwiza yuko kwenye benchi langu, hataki chai, hataki kwenda nyumbani, anauliza, “Anasema nini sasa?” Hasemi kitu, Maman! Nilikuwa nimechoka naye, nimechoka na mashine, nimechoka na Gad anayepita kwa ncha za vidole kama mwizi.

Nilipozima mashine kwa mara ya mwisho alielewa. Akafunika uso kwa mikono. “Basi, hakuna muntu alisikia? Hata moya?”

“Nilifunga mulango, Mama,” akasema Ladislas, aliyekuwa amesimama karibu na mashine. Kisha akageuka, akanitazama mimi. “Maman Véro. Ile nakala uliihakikisha?”

Niliihakikisha, bila shaka. Nakala ambayo hujaitazama mwanzo hadi mwisho si nakala, ni kubahatisha. Niliitazama ya kaseti, nikaitazama na ya diski, sauti ikiwa juu. Nilinyamaza kwa sababu mzee alitaka mkewe awe wa kwanza, na maneno ya mume na mke si ya kurudiwa na mwenye studio. Tena, nilikuwa bado naitegemea mashine. Sasa mashine imenitupa.

Nikamwambia Ladislas atoke, naye akatoka bila kubisha. Nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Hasira yote iliniisha, nikabaki na hofu ya kukosea hata neno moja.

“Alianza hivi,” nikasema. “‘Mukarugwiza, leo usinikatize. Isimbi hakukufa peke yake. Alikufia mu mikono yangu, mbele ya jua kutoka. Nilimuzika pembeni ya shamba ya mihogo, karibu na kichuguu kikubwa, pale njia inashuka ku mto…’”

“Alimufunika?”

“Ngoja kwanza, Maman.”

“Minakuuliza, Véro! Alimufunika mutoto wangu?”

Machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa machozi. “Alisema utamukatiza hapo hapo,” nikamwambia. “Alisema: ‘Ninajua sasa unauliza kama nilimufunika. Nilimufunika na kitenge yako ya ndege nyekundu, ile nilikuambia ilipotea.’”