Bomba Liliachwa Wazi

Tik, tik, tik, tik. Huko chini jikoni jiko la gesi lilikuwa linajaribu kuwaka, na nyumba nzima bado giza, giza la asubuhi ya Oktoba ya kaskazini mwa Uingereza ambalo halina haraka ya kwenda popote. Bryony Sugden alilala akisikiliza, akingoja moto ushike. Haukushika. Tik, tik, tik. Akavaa sweta juu ya nguo za kulalia, akashuka.

Alimkuta baba yake, Mzee Neville, amesimama na soksi tu miguuni mbele ya jiko, kidole juu ya kitufe cha cheche, birika mkono wa pili. Gesi yenyewe hajaifungua.

"Baba, unafanya nini?"

"Napika chai. Kwani unaona naoga?"

Bryony akacheka, na mzee naye akacheka. Akamnyang'anya birika taratibu, akaliona jepesi, akalijaza maji. Hakusema neno. Katika nyumba ile walikuwa wamekuwa hodari wa kutosema neno.

"Leo ndiyo leo," mzee alisema akikaa mezani. "Yule Mpolandi aondoke. Mtu hajui kufunga bomba, bustani anaitakia nini?"

Bryony akampa mgongo, akawa anatafuta vikombe ambavyo vilikuwa mbele ya macho yake.

Leo kulikuwa na kikao cha wenye bustani. Nyuma ya mtaa wao kuna shamba la manispaa lililogawanywa vipande vipande, kila familia na kipande chake cha viazi, kabichi na maua, na bomba moja la maji kwa wote. Neville alikuwa mwenyekiti hapo zamani. Bryony ni katibu tangu mwaka jana, tangu aanze masomo ya jioni chuoni. Mtoto wake Edie, mwenye miaka sita, humwachia babu, naye huenda kujifunza Kiingereza cha ofisini, kwa matumaini kwamba siku moja atakaa nyuma ya meza yake mwenyewe, penye jina lake.

Huko alifundishwa namna karatasi za Kiingereza zinavyosema. Jambo hutangulizwa, mtendaji hurudi nyuma, na mara nyingi huachwa nje kabisa, kama mtu aliyekuja na viatu vya tope. Uamuzi umefikiwa. Maombi yamekataliwa. Makosa yalifanyika. Mwalimu alisema huo ni uandishi wa adabu, haumnyooshei mtu kidole. Bryony aliupenda siku ileile. Alipata alama nzuri.

Na kiangazi hiki ukamfaa. Jioni moja alikwenda kumchukua baba yake bustanini, akamkuta yuko langoni na keni ya kumwagilia, anaelekea nyumbani, na nyuma yake bomba linamwaga maji njiani. Bryony akarudi akalifunga. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye vitunguu vya watu. Kwenye muhtasari wa kikao akaandika: *Iligunduliwa kwamba bomba liliachwa wazi.* Hakuna aliyeuliza na nani. Watu wake hawaulizi hivyo.

Mara ya pili, mwezi Septemba, maji yalitiririka usiku kucha, yakasomba miche yote ya kabichi ya Trevor Pickles. Jioni ile Neville alirudi nyumbani suruali imelowa hadi magotini, na alipoulizwa akasema labda mvua. Haikuwa imenyesha. Bryony akaandika kama mwanzo.

Walipofika kwenye lango la bustani, Edie akatangulia mbio. Bryony akamshika baba yake mkono wa koti.

"Baba. Kama ingekuwa ni wewe ndiye uliyeacha bomba?"

"Mimi?" Neville alisema. "Mimi ndiye niliyechimba mtaro wa bomba hilo. Kwa sepetu, Januari, ardhi ngumu kama chuma." Akatazama pembeni, kwenye uzio, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. "Wewe andika tu kama unavyoandika siku zote. Unaandika vizuri."

Bryony akaachia koti.

Kibanda cha mkutano kilikuwa cha mbao, hita ya mafuta ya taa katikati, viti vya kukunja kuizunguka. Jolanta, yule Mpolandi, alikuwa ameshafika. Alikaa karibu na mlango bila kuvua koti. Kipande chake ndicho kilicho karibu na bomba, na ndiye mgeni kuliko wote. Alikuwa ameleta keki, akaiweka mezani pamoja na kisu. Watu waliisifu, wakala biskuti.

"Haya, suala la bomba," alisema Bi Glenys, mwenyekiti. "Katibu, tusomee."

Bryony akasoma. "Iligunduliwa kwamba bomba liliachwa wazi usiku kucha. Miche ya kabichi iliharibiwa. Wasiwasi ulielezwa."

"Wasiwasi ulielezwa!" Trevor alidakia. "Nilitukana mpaka mbwa wa jirani akaona haya!"

Watu wakacheka, hata Jolanta kidogo. Bi Glenys akagonga kikombe kwa kijiko.

"Sasa, inapendekezwa kwamba kipande kilicho karibu na bomba kirudishwe, kipewe mtu mwingine."

"Nani anapendekeza?" Jolanta aliuliza.

Watu wakaangalia biskuti zao.

"Inapendekezwa tu, kipenzi," Bi Glenys alisema.

"Mimi kukaa karibu na bomba si kosa. Mimi bomba nafunga."

"Hakuna aliyekutaja, dada," alisema Trevor.

Na ni kweli, hakuna aliyemtaja. Bryony aliutazama ule mwandiko wake nadhifu na kwa mara ya kwanza akaona kilichomo. Mahali pa mtendaji alikuwa ameacha kiti kitupu, ili baba yake asikae. Lakini watu hawavumilii kiti kitupu. Walimtafuta wa kumkalisha, wakamchukua aliye karibu.

"Naunga mkono," Neville alisema kwa sauti yake ya uenyekiti. "Mtu asiyejali maji hana mahali hapa."

Mikono ikaanza kupanda, mmoja, mwingine.

"Ngojeni," alisema Bryony. "Muhtasari una kasoro. Nataka kuurekebisha."

"Urekebishwe vipi?" aliuliza Bi Glenys.

"Neville Sugden aliacha bomba wazi. Mara ya kwanza nililifunga mimi, nikanyamaza. Mara ya pili nilijua, nikanyamaza."

Mikono ikashuka. Hita ilisikika ikiunguruma. Bi Glenys akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Bryony, mpenzi, unajua kwenye muhtasari huwa hatuandiki majina."

"Barua ya kumfukuza Jolanta mngeiandika bila jina?"

Neville alikuwa akimtazama binti yake kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Si kweli," alisema. Akavua kofia, akaigeuza, akaivaa tena. "Si kweli, ati, Bryony?"

"Ni kweli, baba."

Mzee akalitafakari neno lile. Bryony alitamani amshike mkono, akaogopa kwamba atauvuta.

"Basi andika," alisema mwishoni. "Sitaki mtu afukuzwe kwa ajili yangu. Ila andika na mtaro. Neville Sugden alichimba mtaro."

"Nitaandika."

"Zile kabichi," Trevor alisema akikuna sikio, "hazikuwa na maana sana. Konokono walishazianza."

Jolanta hakucheka. Alimgeukia Bryony. "Wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Na kila Jumamosi unanisalimia. Jolanta hujambo, Jolanta mtoto hajambo."

"Ndiyo," alisema Bryony. "Nisamehe."

Jolanta hakusema amesamehe. Alivua koti, akalitundika nyuma ya kiti, akaketi tena vizuri, kama mtu ambaye haondoki.

Bi Glenys akapumua, akafuta pendekezo. Kisha akauliza lililobaki: Mzee Neville ataendelea na kipande chake, sawa, hakuna ubishi, lakini bomba? Bryony yuko kazini mchana, jioni yuko chuoni. Trevor anaumwa mgongo. Wengine wakaanza kufunga vifungo vya makoti.

"Litakaguliwa," alisema Bi Glenys. "Utaratibu utawekwa wa..." Akaishia hapo. Safari hii aliyasikia mwenyewe maneno yake.

Chini ya meza, Edie alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na viatu vya babu yake, makombo ya biskuti kifuani. Akatoa kichwa nje, akawatazama wakubwa wote.

"Bomba nitalifunga mimi," alisema.